Waliokufa Bumbire na Imani Iliyokuja Baada Yao

Mkabala na pwani ya Muleba, katika maji ya magharibi ya Ziwa Viktoria, kimelala kisiwa cha Bumbire, chenye vilima vya majani viteremkavyo mpaka majini na migomba katika mabonde yake, kisiwa ambacho wakaaji wake tangu zama za mababu wameishi kwa samaki, kwa ndizi na kwa mifugo, na ambacho jina lake, kwa sababu ya msiba wake, liliingia katika magazeti ya London na New York miaka mingi kabla mji wa Bukoba haujaanzishwa. Leo mgeni afikaye katika mialo yake hukuta mitumbwi ya wavuvi wa dagaa na sangara, hukuta na Wakristo wamuabuduo Mungu kwa utulivu, na asiyeijua tarikhi ya mahali pale aweza kudhani kwamba Injili ilifika katika maji hayo kwa upole mtupu, mikononi mwa mwalimu aliyebeba kitabu. Lakini iko kadhia ambayo muumini wa Buhaya, nchi ya Wahaya, hana njia ya kuikwepa akitaka kusema kweli juu ya imani yake: katika safari moja ya mtu mmoja, ndani ya mwaka mmoja, ulitoka mwito wa kuileta Injili ziwani, na zikatoka risasi zilizowaua watu wa Bumbire.

Mtu huyo ni Henry Morton Stanley, aliyetumwa na magazeti mawili, moja la Uingereza na moja la Marekani, kulizunguka ziwa na kuvuka bara. Mwezi wa Aprili mwaka 1875 alikuwa mgeni wa Kabaka Mutesa wa Buganda, akazungumza naye habari za dini ya Kikristo, na baada ya mazungumzo hayo akaandika waraka wa tarehe 14 Aprili, akiwaomba Wakristo wa Ulaya wapeleke wamisionari katika nchi ile. Waraka ulichukuliwa na Mfaransa aliyekuwa akirejea upande wa Sudani, Linant de Bellefonds, ambaye mwenyewe aliuawa njiani mwezi wa Agosti. Nao ukatoka katika gazeti la Daily Telegraph tarehe 15 Novemba 1875. Ni waraka uliobadili mambo ya nchi zetu kuliko vitabu vingi. Na wino wake ulikuwa na umri wa majuma mawili tu siku Stanley alipoegesha mashua yake, Lady Alice, katika ufuko wa Bumbire, yeye na mabaharia wake Waungwana wa Unguja na mrima wakiwa na njaa, baada ya mitumbwi ya Waganda waliyoahidiwa kubaki nyuma.

Yaliyotokea siku ile ya 28 Aprili tunayajua kwa kalamu ya upande mmoja, na msomaji mwenye insafu lazima akumbuke jambo hilo wakati wote. Watu wa kisiwa waliishika mashua, wakaiburuta na waliomo ndani yake mpaka nchi kavu, wakaizunguka kwa mikuki na pinde. Yakafuata mashauri ya saa nyingi. Nahodha wa mashua, Mswahili aitwaye Safeni, akawaomba kwa maneno na kwa ishara wauze chakula na waache amani iwe. Vitambaa na shanga vikatolewa kuwa malipo ya salama. Kisha makasia yakachukuliwa, ili wageni wasiweze kuondoka, na ngoma ikalia vilimani. Hapo Stanley akamwagiza Safeni apande taratibu kuwaelekea wenyeji, mikononi ameshika nguo mbili nyekundu, kana kwamba bei mpya inajadiliwa, na wakati macho yote yamemwelekea mtu huyo na nguo zake, wenzake wakaisukuma mashua majini kwa mabega. Safeni akageuka, akakimbia, akajitosa ziwani huku wenyeji wakimfukuza nyuma yake. Stanley akafyatua bunduki, na watu wa kisiwa wakaanguka. Mabaharia waling'oa mbao za sakafu ya mashua wakazifanya makasia, wakaelea usiku kucha katika tufani. Kwa upande wao hakupotea hata mmoja.

Kwa nini watu wa Bumbire waliwapokea wageni namna ile? Stanley aliwaita washenzi, na neno hilo likamtosha. Sisi tulio karibu zaidi na mambo haya twajua kwamba karne ile mitumbwi ya vita ya Buganda ilikuwa ikitisha mwambao huu wote wa magharibi, na mashua ngeni itokayo upande wa Mutesa, yenye watu wenye bunduki, haikuwa na alama yoyote usoni pake ya kumwambia mvuvi wa Bumbire kwamba yamekuja mema. Sisemi kwamba walitenda haki. Nasema kwamba walikuwa na nchi yao, mfalme wao aliyeitwa Shekka, khofu zao na sababu zao, na kwamba mambo hayo hakuyauliza mtu.

Lau jambo lingekoma hapo, lingehesabiwa kuwa bahati mbaya ya safari. Lakini baada ya miezi mitatu Stanley, akiwavusha watu wake wote kutoka kusini mwa ziwa kurudi Buganda, alipita tena katika visiwa hivi. Akawakamata wakubwa wa Iroba, kisiwa cha jirani, akawafanya rehani mpaka watu wao wakamletea Shekka, naye Shekka akatiwa pingu. Msafara wa Waganda uliokwenda Bumbire kutafuta chakula ukashambuliwa. Na tarehe 4 Agosti 1875, akiwa na watu 280 katika mitumbwi 18, Stanley alikwenda mbele ya ufuko ule ule, akaipanga mitumbwi mbali kidogo na nchi kavu, pale ambapo mishale haiwezi kumdhuru, akaamuru wenye bunduki wawapige watu waliokuwa wamekusanyika katika mteremko. Walipigwa kwa muda mrefu. Kwa hesabu alizoandika mwenyewe, ambazo hazikubaliani, waliokufa walikuwa zaidi ya thelathini katika maandiko fulani na zaidi ya arobaini katika mengine, na waliojeruhiwa zaidi ya mia; kwa upande wake hakufa mtu. Jina la hata mmoja wa waliokufa mteremkoni siku ile hakuliandika.

Habari hizi zilipofika Ulaya mwaka uliofuata, wapo waliochukizwa. Katika Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, Kanali Henry Yule na Henry Hyndman walisimama kulaani kitendo kile, na vyama vya kutetea wenyeji na kupinga utumwa vikaandika malalamiko. Lakini tazama mfuatano wa tarehe, kwa maana humo ndimo mas'ala yetu yalimo. Waraka wa kuomba wamisionari ulisomwa Uingereza Novemba 1875. Habari za mauaji zilisomwa mwaka 1876. Wakristo wema, wengi wao watu wa sala na wa huruma, walipokuwa wakifungua mikoba yao kuchanga fedha za kuwapelekea watu wa ziwa habari za Mwana wa Mungu, damu ilikuwa imekwisha kukauka katika majani ya Bumbire, nao hawana khabari.

Sadaka zile zilizaa matunda. Tarehe 30 Juni 1877 wamisionari wa kwanza wa Kianglikana, Shergold Smith na C. T. Wilson, walifika kwa Mutesa, na kabla ya mwaka kwisha Smith alikuwa ameuawa Ukerewe. Mwaka 1879 wakafika Mapadri Weupe wa Katoliki. Wakafuata mashahidi wa Uganda, vijana wa jumba la Kabaka waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886. Na baada ya vita vya Mengo vya mwaka 1892, baina ya Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda, Wakatoliki wakatawanyika kuelekea kusini, na Askofu Hirth akaanzisha misioni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwishoni mwa mwaka ule ule. Kwa upande mwingine wako Wahaya walioipata Injili Buganda wenyewe, wakarudi nyumbani na Biblia ya Kiganda iliyokamilika kuchapwa mwaka 1896, wakaisoma na kuifundisha pasipo mzungu yeyote juu yao, mpaka wamisionari wa Kijerumani wa Betheli, chini ya Ernst Johanssen, walipofika mwaka 1910. Katika mti huo wenye mizizi miwili walitoka Laurean Rugambwa wa Kamachumu, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, wa kwanza miongoni mwa Waafrika weusi katika zama zetu, na Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri aliyechaguliwa Dar es Salaam, Juni 1977, kuwa rais wa Walutheri wa ulimwengu, miaka mia kamili baada ya Smith na Wilson kutia mguu Buganda.

Basi nasaba ya imani yetu ndiyo hii, nayo haifichiki. Kengele iitayo watu kusali katika visiwa vya Muleba ina asili yake, kwa kiasi kisichokanika, katika waraka wa mkono ule ule ulioamuru watu wa Bumbire wapigwe risasi. Mkristo afanye nini na jambo hili? Wako watu, na miongoni mwao wamo wacha Mungu wa kweli, wajibuo upesi kwamba ilikuwa kudra: Mungu aliruhusu msiba mdogo ili baraka kubwa ipate kuja, na waliokufa walikuwa kama gharama ya safari ya Injili. Jibu hili nalikataa kwa moyo wangu wote. Mungu aliyehubiriwa na Wahaya wale wa Biblia ya Kiganda si mfanyabiashara anunuaye kanisa kwa maiti za wavuvi, na atakayesema hivyo mbele ya mama wa Bumbire aliyempoteza mwanawe Agosti 1875 atakuwa ameongeza jeraha juu ya jeraha, kisha ameliita jeraha hilo tauhidi. Sijui Mungu alikuwa akitenda nini katika mteremko ule. Namwamini, na katika kumwamini sikupewa ufunguo wa siri zake.

Tofauti hii, baina ya kumtumaini Mungu na kumweleza, ndiyo nadhani watu wa nchi hii wamejifunza kwa uchungu zaidi kuliko wengine. Kabla ya Ukristo, Mhaya alimjua Ruhanga, Muumba, lakini katika shida zake za kila siku alishughulika na wengine walio karibu zaidi: na Mugasha mwenye ziwa na tufani, na Wamara wa waliokufa, na mizimu ya ukoo wake. Mtoto alipokufa au mtumbwi ulipozama, mpiga ramli aliitwa, akataja sababu: mzimu fulani hakupewa haki yake, jirani fulani ana kijicho, mwiko fulani umevunjwa. Sababu ilikuwa tayari, na dawa yake ilikuwa tayari. Dini mpya ilimwondoa mpiga ramli, na wengi huona kwamba kazi ya dini ilikuwa kuleta jibu bora mahali pake. Mimi naona imefanya jambo gumu zaidi. Imeliacha swali la kwa nini wazi, ikamweka mfiwa mbele ya Mungu mmoja, ambaye habari zake kubwa ni kwamba yeye mwenyewe alisulubiwa, na ambaye juu ya msalaba aliuliza kwa sauti kuu kwa nini ameachwa, wala Injili hazikuandika kwamba alijibiwa saa ile.

Wala si ajabu kwamba kila maafa yalipokuja, mpiga ramli alirudi akiwa amevaa joho. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera, katika hospitali ya Ndolage, hospitali ya Walutheri iliyo katika nyanda za juu za Kamachumu. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizouzwa na vijana wa mpakani, na kabla ya miaka kumi kupita zilikuwako nyumba ambamo bibi kizee alibaki na wajukuu peke yao, wazazi wote wawili wamelala kibanjani, chini ya migomba ya ukoo. Yakasikika mahubiri yaliyojua yote: hii ni adhabu, hawa wamevuna walichopanda. Muuguzi wa Ndolage aliyemwosha kijana asiyeweza tena kusimama, akamkuta amekonda hata mikono yake ni mifupa na ngozi, hakuhitaji mahubiri yale, na kijana mwenyewe hakuyahitaji. Alichohitaji ni maji, na mtu wa kukaa naye, na yakini kwamba watoto wake hawatalala njaa. Kanisa la Kilutheri la Kaskazini Magharibi, kwa fahari yake ya daima, lilianzisha huduma ya watoto yatima, HUYAWA, ya kuwalipia karo, kuwajengea na kuwatazama. Huko ndiko nionako tumaini lililo na mikono. Wale waliokuwa wakisomesha yatima wa Muleba hawakuwa na jibu la kwa nini baba wa yatima alikufa. Walikuwa na orodha ya sare na madaftari.

Kisha yakaja maafa ya ziwa lenyewe. Alfajiri ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imeondoka Bukoba jioni iliyotangulia na kupakia watu na ndizi huko Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa imebeba watu wengi kupita kiasi chake; mamia walikufa, wengi husema mia nane na zaidi, na sauti za walionaswa ndani ya tumbo la meli iliyoelea kifudifudi zilisikika na waokoaji waliosimama juu yake. Lilipotobolewa tundu ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiiinua ilitoka, na meli ikazama. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo.

Asiye Mhaya huenda asitambue kipimo chote cha msiba huu. Mhaya huzikwa katika kibanja cha ukoo wake, chini ya migomba ambayo amekula ndizi zake tangu utotoni, hatua chache kutoka mlangoni, ili watoto wapitapo kwenda kuteka maji wapite karibu na babu yao. Wengi wa MV Bukoba walizikwa Igoma, Mwanza, katika makaburi ya pamoja, na wengine ziwa halikuwarudisha kabisa. Nyumba zilifanya matanga pasipo maiti. Wazee waliokuwa wamezoea kulipanga kaburi wakielekeza wachimbaji, hapa mguu, hapa kichwa, walikaa barazani hawana la kuelekeza. Na katika nyumba hizo hizo, Jumapili iliyofuata, watu walivaa wakaenda kanisani. Waliokwenda hawakwenda kwa kuwa wameelewa. Wengine walikwenda kumlalamikia Mungu, na hiyo pia ni ibada, kama Zaburi ya 88 ilivyo ibada, zaburi ambayo yaanza na kilio na kuishia gizani, wala waliokusanya Maandiko hawakuona haja ya kuitilia mkia wa furaha.

Kitabu cha Ayubu kimesomwa sana Buhaya, na mara nyingi kimesomwa vibaya, kana kwamba kisa chake ni subira tu na mali kurudishwa. Ayubu hakunyamaza, alidai, alishitaki, aliomba ahukumiwe mbele ya Mwenyezi Mungu. Rafiki zake walikaa naye siku saba chini bila kusema neno, na siku hizo saba zilikuwa kazi yao njema ya pekee. Walipofungua vinywa kueleza sababu, wakaharibu. Mwishowe Mungu alimjibu Ayubu kwa maneno marefu kuhusu bahari na nyota na wanyama wa porini, lakini sababu ya mateso yake hakumwambia hata kwa neno moja, na hasira yake iliwaka juu ya wale marafiki waliokuwa wakimtetea yeye Mungu. Na Bwana wetu, alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa katakata kusema kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wengine wa Yerusalemu. Mhubiri atakaye kujua mauti ya MV Bukoba yalitaka kufunza nini na asome hapo kabla hajapanda mimbarani.

Ndiyo maana narudi Bumbire, na nina ombi kwa mapadri, wachungaji na wazee wa makanisa ya visiwa hivi na ya mwambao wa Muleba. Twakumbuka mashahidi wa Namugongo kila tarehe 3 Juni, nasi twafanya vema. Nataka waliokufa Bumbire tarehe 4 Agosti 1875 watajwe katika sala za makanisa yetu kila mwaka ifikapo siku hiyo. Hawakuwa Wakristo, wala hawakufa kwa ajili ya dini. Walikufa katika mteremko wa nchi yao kwa mkono wa mtu aliyekuwa amekwisha kutuombea Injili. Majina yao hayakuandikwa; tulilo nalo ni la mfalme wao Shekka, aliyekuwa mahabusi wakati watu wake wakipigwa, basi na litajwe hilo, na wengine watajwe kwa kisiwa chao. Watajwe pamoja na Safeni, aliyetumwa mbele na nguo nyekundu, ambaye miaka miwili baadaye, huko kwenye maporomoko ya mto Kongo, akisikia kwamba bahari imekaribia, akili yake ilipotea kwa furaha, akaingia mwituni na kasuku wake wala hakuonekana tena. Naye aliteseka katika safari ile ile, na familia yake Unguja haikupata kaburi. Padri au mchungaji atakayeiongoza sala hiyo asiongeze mahubiri ya kueleza kwa nini. Awape watu nafasi ya kusimama, awataje wafu, amwombe Mungu awarehemu wao nasi, kisha aendelee na Misa au ibada yake.